Swali la Tisa la Fomu

Hisabati ilinipiga mara ya kwanza mbele ya watu. Nilimaliza kidato cha nne na Daraja la Nne, tena lile la kushika mkia, na chuo cha ualimu kilikuwa kinataka la Tatu. Nikarudi kijijini kwetu, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka Bariadi, nikalima pamba na kujiandikisha kurudia mtihani. Miaka miwili nilisoma kitabu kimoja ambacho panya walishakula kurasa za majibu.

Jioni nilifundisha watu wazima kusoma na kuandika, kwenye ghala la pamba. Mwanafunzi wangu mgumu alikuwa Bundala, mwenyekiti wa kijiji, mwenye vidole vinene kama mhogo. Herufi H yake ilikuwa inalala chali.

"Baba, huyu msimamishe," nilimwambia, "si maiti."

Darasa zima lilicheka, naye akacheka. Akaiandika mpaka ikasimama.

Wa kunitania mimi alikuwa Mihayo, rika langu. Akinikuta shambani nakariri kanuni huniuliza, punda akiwa mimi mwenyewe: "Mwalimu, punda amefaulu?"

"Amekupita wewe."

Tukaishi hivyo.

Mwaka ule wizi wa ng'ombe ulikuwa umezidi, na ulinzi wa kijiji uko mikononi mwa sungusungu. Sheria yao ilikuwa moja: ukipigwa mwano, lile yowe la hatari, kila mwanamume anatoka na silaha kufuata nyayo. Hakuna mgonjwa, hakuna bwana harusi. Hata ukiwa chooni unatoka, utamalizia porini.

Asubuhi ya mtihani wa hisabati nilikuwa nimeshapanda baiskeli mwano ulipopigwa. Nilisimama, mguu mmoja chini. Mtihani unaanza saa tatu. Nikajiambia wanaume wako mia. Nyayo za ng'ombe zina haja gani na mtu wa mia na moja?

Njia panda nikakutana nao, Bundala mbele na upinde wake.

"Nkinda! Wamepita huku!"

"Nina mtihani, baba. Nikiukosa huu, basi tena."

"Ni ng'ombe wa Mihayo. Wa mahari. Wote."

Mihayo alikuwa nyuma yake, kifua wazi, anahema. "Niazime baiskeli basi," alisema. "Niwawahi kabla hawajavuka mto."

"Jioni nitakupa," nikamjibu. Sijui kwa nini nilitabasamu. Nikakanyaga pedali.

Mvua ya kwanza ya msimu ilifuta nyayo ng'ambo ya mto. Ng'ombe kumi na wanne hawakuonekana tena, na wazee wa mchumba wa Mihayo wakamwoza binti yao kwingine. Mimi nikatengwa.

Nimewahi kupigwa maishani, na sana tu. Kupigwa kuna mwisho. Kutengwa ni kuamka kila siku ukiwa hewa. Mama yangu, Ng'washi, akifika kisimani wanawake wanabeba ndoo zao wanaondoka hazijajaa. Moto wetu ukizimika hakuna wa kutupatia kaa la moto. Anayesema nasi naye anatengwa. Siku moja nilipita makusudi karibu na Mihayo, nikapunguza mwendo, nikangoja aniulize habari za punda. Alikuwa anakaza mpini wa jembe. Akaendelea kuukaza.

Matokeo yakatoka. Daraja la Tatu, hisabati C. Nilicheka peke yangu katikati ya barabara pale Bariadi, mwendawazimu mwenye cheti. Chuo kikanipa fomu: irudi kabla ya mwisho wa mwezi, na saini ya mwenyekiti wa kijiji na mhuri wa Chama.

Sasa mwenyekiti atasainije kwa mtu asiyemwona? Kuondolewa adhabu ni dume mmoja wa ng'ombe, aliwe na kijiji kizima. Sisi tulikuwa naye huyo mmoja, wa kulimia. Mama ndiye aliyemfungua kamba.

"Mwalimu halimi," alisema.

Walimla mpaka mifupa. Mihayo alinipa mkono kama sheria inavyotaka. "Karibu," akasema, akaenda zake.

Kesho yake Bundala aliweka fomu mezani, akasoma kila swali kwa kidole, bila haraka, kama nilivyomfundisha. Swali la tisa: Je, mwombaji anashiriki kikamilifu katika ulinzi wa kijiji chake?

Kidole kikasimama.

"Baba," nikasema, "dume si ameliwa?"

"Dume amekurudisha kwa watu, mwanangu. Hakukupeleka mtoni siku ile."

"Ni neno moja tu, baba. Chuo kikiona hapana hakinichukui. Andika ndiyo."

"Niandike ndiyo, halafu nimtazame Mihayo kwa macho gani?"

Akaandika, ncha ya ulimi nje. *Hapana.* H imesimama wima kama nguzo. Akasaini, akagonga mhuri, akapuliza wino ukauke, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nilitafuta kosa la kusahihisha, sikuliona.

Mama alikuwa ananisubiri mlangoni.

"Amesaini?"

"Amesaini, mayu."

"Na mhuri?"

"Na mhuri."

"Basi dume hakufa bure." Akaitungua ile kamba ya dume ukutani, akaanza kuikunja taratibu, nifungie sanduku langu la chuo.