Jenerali Aliyekataa Vichwa vya Wenzake

Tik.

Kimya kidogo, halafu tena: tik. Mgeni aliyelala ndani ya nyumba ile ya Nachingwea angesema ni panya, au ni maji yanadondoka kwenye ndoo. Zulfa hakuwa na shaka na sauti hiyo, maana ni yeye mwenyewe aliyekuwa anakata vichwa.

Alichuchumaa sebuleni gizani, kanga mabegani, akipapasa sinia la bati lililobeba jeshi lake. Kila askari alimshika kiuno kwa vidole viwili, akamvua kichwa kwa mkono wa pili, akakitumbukiza kwenye kopo la kahawa. Tik. Adhana ya alfajiri haikuwa mbali, na sharti la nyumba halikuwa na mjadala: askari wa Zulfa hawakuruhusiwa kuwa na vichwa wakati watu wanaswali.

Alipomaliza alifunika kopo, akaenda uani kutawadha. Akiwa anamimina maji miguuni akasikia huko sebuleni mfuniko unalia tak, kama unafunguliwa. Akajisemea panya wa siku hizi wamesoma, akaendelea na miguu yake.

Sharti lile lilitoka kwa mama mkwe wake, Bi Sikudhani, mwanamke mwembamba mwenye sauti nene, aliyeamini kwamba Mungu aliumba jioni kwa ajili ya kupika. Siku alipokuta sinia limejaa vidubwana kwenye meza ya sebuleni, hakupiga kelele. Alivuta kigoda, akakaa, akauliza taratibu.

"Mama Mwamini, hiki ni nini?"

"Ni jeshi, Mama. La darasani."

"Kwani huko jioni mnafundishwa ukuruta?"

Ilibidi Zulfa aeleze. Darasa lao lilikuwa la watu wazima walioacha shule njiani, kama yeye aliyeachia kidato cha pili, mimba ya Mwamini ikiwa tumboni, na ambaye sasa alikuwa anautafuta mtihani wa kidato cha nne kama mtu anayetafuta sindano kwenye godoro: polepole, lakini kwa nia. Watu walifika darasani wametoka kupalilia ufuta. Mwalimu Prisila akigusa hesabu za uwezekano tu, vichwa vinaanguka juu ya madawati. Ndipo mwalimu akaleta dado na mchezo. Majeshi mawili ya viumbe wa kubuni yanapangwa mezani, yanasogezwa kwa kupima na rula, na kila pigo linaamuliwa na dado. Tangu hapo hakusinzia mtu. Mama muuza mihogo, ambaye zamani sehemu ya sita aliijua kwenye keki tu, sasa alikuwa anagombana na wenzake kuhusu uwezekano wa kupata sita mbili mfululizo.

Bi Sikudhani alisikiliza mpaka mwisho. Akainua askari mmoja, akamgeuza.

"Na huyu mwenye pembe mdomoni?"

"Ni ngiri, Mama. Jeshi la ngiri."

"Ngiri ni nguruwe mwenye cheo. Humu ndani haingii."

Ngiri wakavunjwa wakawa nyani. Nyani wanaiba mahindi, alisema Bi Sikudhani, ila wizi si najisi. Bado likabaki suala la sanamu. Hapo ndipo alipomtaja marehemu mumewe, Mzee Awadhi, aliyefundisha watoto Kurani chuoni miaka mingi na kufariki kabla Zulfa hajaolewa katika nyumba ile; hata picha yake moja iliyokuwepo mchwa walishaila pamoja na fremu. Mzee Awadhi alikuwa akisema sanamu ikitolewa kichwa si sanamu tena, imekuwa kama kijiti.

"Basi vichwa vitoke," alihukumu Bi Sikudhani. "Ikiadhiniwa, vichwa chini. Nikikuta nyani ananitazama niko kwenye mswala, jikoni kuna moto."

Mwingine angekata tamaa. Zulfa alikwenda kwa Rahimu, fundi simu wa karibu na stendi, akaomba spika za masikioni zilizokufa. Ndani ya kila moja mlikuwa na sumaku ndogo, bapa kama punje ya dengu. Miili alishaitengeneza kwa korosho zenye maganda yake, maana korosho ilivyokunjama ni mtu tayari, ameinama na kitambi chake. Alizikaanga kwanza zitoe yale mafuta yanayochubua, na nyumba nzima ikakohoa siku hiyo mpaka magharibi. Mikono ilikuwa ya waya. Ngao zilikuwa vizibo. Vichwa alivifinyanga kwa udongo wa kichuguu, akapaka manyoya kwa rangi ya kahawia iliyobaki kwenye mlango wa choo na deraya zao za vita kwa rangi ya kucha, kwa brashi ya nywele za mkia wa mbuzi zilizofungwa kwenye njiti ya kiberiti. Kisha gundi: sumaku moja shingoni, moja chini ya kichwa, moja nyayoni ili askari asimame kwenye sinia hata barabara ikimrusha. Kichwa kikawa kinatoka na kurudi kama kofia.

Sumaku, kama alivyofundishwa, ina upande unaopenda na upande unaochukia. Zulfa aliweka nukta nyekundu kwenye kila upande unaopenda asije akakosea. Hakukosea, ila kwa mmoja tu, na huyo mmoja ndiye alikuwa Jenerali. Siku ile Mwamini, binti yake wa miaka mitano, alikuwa amemwaga uji, na Zulfa alipogeuka kufuta, gundi ikakauka sumaku ya shingo ikiwa imegeuka juu chini. Jenerali akawa anakataa vichwa. Ukimletea kichwa cha askari yeyote, kinageuka hewani na kumpa kisogo. Ilibidi atengenezewe cha kwake peke yake, chenye sumaku iliyogeuzwa vilevile. Tangu hapo kichwa kile hakikumkubali mtu mwingine, na Jenerali hakukikubali kingine.

Na kichwa hicho ndicho Bi Sikudhani alichokishikia bango. Vya askari wengine hakuuliza.

"Pua hii ndefu."

"Mama, ni nyani."

"Mkubwa wa watu hawezi kuwa na pua ya kuchimbia mihogo. Ipunguze."

Zulfa akaipunguza. Kesho yake yakawa meno, kwamba yamezidi. Keshokutwa masharubu: "Siyo hayo ya polisi. Membamba, yanashuka kidogo." Halafu kofia, ilazwe kushoto. Halafu sikio la kulia, litoke kipande.

"Kimetoka kwa nini, Mama?"

"Kimetoka tu. Mtu wa vita hakosi kuumia."

Mwisho wa marekebisho, unyani wote ulikuwa umekwisha. Juu ya mwili wa korosho alisimama mtu mzima mwenye macho ya kutaka kucheka mbele ya wageni na kujizuia. Mwalimu Prisila alipomwona aliuliza vipi nyani wote hawa wanaongozwa na mzee wa Nachingwea. Zulfa alijibu kwamba mama mkwe wake ndiye kamati ya usajili.

Sasa ilikuwa Jumamosi, siku ya kwenda Ruangwa kupambana na darasa la huko, na Bi Sikudhani alikuwa anakwenda pia. Alilitangaza tangu Alhamisi, anachambua mchele.

"Nakuja kuona kwa macho yangu. Nikiona ni elimu, soma mpaka uote mvi. Nikiona ni upuuzi, tangu Jumatatu jioni zako ni za kupika. Na nimeshaongea na mumeo."

Mume, Huzaifa, alikuwa shambani Marambo anapulizia dawa mikorosho. Zulfa alipompigia simu alisema, "Mimi nawasikiliza nyote wawili," maneno ambayo kwa Huzaifa yalikuwa na maana ya kwamba anamsikiliza mama yake.

Kwa hiyo baada ya swala walitoka moja kwa moja, wakapanda gari: Zulfa na sinia mapajani, kopo la vichwa kwenye mkoba, Mwamini katikati, na Bi Sikudhani dirishani, mkono umekamata pindo la kanga yake lililobanwa kwa pini. Zulfa akadhani ni vidonge vya presha. Gari likaruka, likalala upande, likainuka. Nyani wasio na vichwa walisimama kwenye bati kama waliopigiliwa misumari.

Abiria wa kiti cha nyuma alivumilia mpaka akashindwa. "Dada, samahani. Hao walifanya kosa gani?"

"Hawana kosa, kaka. Ni vile tumetoka kuswali."

Abiria akatikisa kichwa chake, akakishika kidogo.

Ruangwa, ambako Mwalimu Prisila na wenzake wa darasa walikuwa wametangulia, waliwapangia madawati manne yaliyounganishwa, yametandikwa mchanga na vichuguu vya kadibodi. Nahodha wao alikuwa Modest, dereva bodaboda wa Matambarale, mwenye jeshi la mifupa ya njiti za kiberiti. Mara ya mwisho, kule Nachingwea, jenerali wake aliuawa na kizibo cha soda, kwa kuwa darasa la Nachingwea wakati huo halikuwa na askari wa maana, na jambo hilo halikumtoka moyoni. Ndiye aliyedai kanuni mpya iandikwe ubaoni: askari asiyekamilika haingii mezani, na jenerali asipokamilika jeshi zima linarudi nyumbani, limeshindwa.

Zulfa akafungua kopo. Alivisha vichwa haraka haraka, tik, tik, tik, na watu wa Ruangwa wakasogea kutazama. Hata Modest alisema, "Aisee," kabla hajajizuia. Bi Sikudhani aliketi kwenye benchi la nyuma, Mwamini mapajani, uso kama mlango uliofungwa.

Nyani wa mwisho akapata kichwa. Jenerali akabaki. Zulfa akaingiza vidole kwenye kopo, akakuta bati. Akaligeuza. Likatoka vumbi la kahawa.

Akakung'uta mkoba. Akapapasa chini ya sinia. Akaangalia viatuni mwake, mahali ambapo hakuna kichwa kilichowahi kwenda. Kisha akafanya analofanya mtu aliyeishiwa: akamvua askari mmoja kichwa, akamsogezea Jenerali. Kichwa kikasita hewani, kikageuka, kikampa kisogo. Akajaribu cha pili. Kikaruka mpaka mchangani upande wa mifupa.

Darasa likacheka. Hata mama muuza mihogo alicheka, akajifunika mtandio.

"Dada Zulfa," alisema Modest, "hata vichwa vya kwenu vinamkataa mkubwa wenu. Sisi huku tungeitisha uchaguzi."

"Subiri kidogo, kaka."

"Nasubiri. Mifupa haina njaa."

Zulfa aliinua macho akamtazama mama mkwe. Bi Sikudhani alikuwa anatazama dirisha, na dirishani hapakuwa na kitu ila ukuta wa choo cha walimu. Mkono wake bado ulikuwa kwenye pindo. Mfuniko wa alfajiri ukalia tena masikioni mwa Zulfa: tak. Kumbe si panya. Amekificha, alijisemea. Alinichosha na pua na masharubu ili nipende kazi yangu, halafu aje aninyang'anye mbele za watu. Akaona Jumatatu jioni yake: sufuria, moshi, na madaftari juu ya kabati yanakula vumbi. Alitaka kusema neno, lakini kwa mama mkwe, mbele ya Ruangwa nzima, ni neno gani linasemeka?

Mwalimu Prisila, aliyekuwa mwamuzi na hakupendelea hata darasa lake, akashika chaki. "Zulfa. Jenerali unaye au huna?"

Kule nyuma Mwamini akajinyoosha, akafungua mdomo. Bi Sikudhani, mwepesi kuliko umri wake, akaujaza kipande cha kashata. Mtoto akatafuna. Kashata ilikuwa ya nazi, ngumu, ya kuheshimika. Mwalimu akahesabu moyoni. Modest akaanza kupanga mifupa yake ndani ya boksi, akipiga mluzi mdogo.

Na hapo Zulfa akaona kitu cha ajabu. Uso wa Bi Sikudhani haukuwa wa mtu aliyeshinda. Macho yake yalikuwa yamelowa, na midomo inacheza kama ya mtoto aliyekutwa jikoni na sukari mkononi. Vidole vilikuwa vinalipapasa lile pindo polepole, na pini iliyolibana ilikuwa imejilaza upande, kama inavutwa na kitu kutoka ndani.

Mwamini, ambaye hulala na bibi yake kila usiku, akameza. Akajifuta mdomo kwa kiganja. Akasema kwa sauti iliyofika mpaka ubaoni:

"Mama, Babu yuko kwenye pindo la Bibi."