Taa Iliyowaka Tangu Jumatano

Mwalimu Msabaha alifundisha kemia miaka thelathini na moja, na kilichomponza si ujinga. Angekuwa mjinga kidogo, kama majirani zake wa Dunda, angeingiza gari sheli, akasema "jaza", akaenda zake.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la haibridi, la kutumia petroli na betri kwa zamu, limetoka Japani na maandishi yake ya huko huko. Alilinunua kwa sababu moja tu. Mwaka juzi binti yake Mina, mwalimu wa shule ya msingi Fukayosi, alishikwa na uchungu, usafiri ukachelewa, na mtoto wake wa kwanza akafia njiani kabla hawajafika hospitali Bagamoyo. Msabaha aliapa kwamba jambo hilo halitamkuta tena mwanawe. Sasa Mina alikuwa na mimba ya pili, mumewe Twalib yuko kazini Mtwara, na zilikuwa zimebaki wiki mbili. Jumapili ndiyo siku iliyopangwa kwenda kumchukua, aje kujifungulia kwa mama yake kama ilivyo desturi.

Tatizo lilikuwa kibandiko. Ndani ya kifuniko cha tangi kulikuwa na kibandiko cha Kijapani, na Msabaha alikitazama kila asubuhi kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama. Alijua vizuri namba ya okteni maana yake nini. Si nguvu ya petroli, kama wanavyodhani madereva, bali ni uvumilivu wake wa kubanwa ndani ya injini bila kuwaka kabla ya wakati. Naye alikuwa amesoma mahali kwamba injini za haibridi hubana kuliko nyingine. Basi hesabu ikamkalia sawa: inayobana sana inataka namba ya juu. Sheli za Bagamoyo alizozijua zilikuwa na ile ya kawaida. Ya juu aliipata sheli moja tu, upande wa Dar, uipite Zinga na bado uendelee.

"Si uelekeze simu kwenye hicho kibandiko ikutafsirie?" mkewe Zuhura alimwambia.

"Simu haijasoma kemia."

Jumatano taa ya mafuta iliwaka. Alhamisi alitaka kwenda Dar, kukawa na msiba mtaani. Ijumaa mvua ilinyesha kutwa.

"Baba Mina, tia hata lita tano za hapa," Zuhura alisema.

"Nikitia ovyo, injini ikaanza kugonga siku ya siku, utalisukuma wewe?"

Zuhura akaenda zake jikoni. Ukweli ni kwamba Msabaha alikuwa anaogopa. Aliiogopa petroli mbaya, akaiogopa na taa, na kati ya hofu mbili hizo akachagua kusubiri Jumamosi aende Dar.

Jumamosi saa tatu asubuhi, ufunguo uko mkononi, simu ikalia. "Baba," alisema Mina, "uchungu umeanza."

Walitoka mbio. Kwenye sheli ya mwisho ya mjini palikuwa na pikipiki mbili tu zinazosubiri. Msabaha alipunguza mwendo, akaitazama ile taa, akajiambia gari hili linanusa tu mafuta, litakwenda na kurudi. Akapita. Zuhura aligeuza shingo akaisindikiza ile sheli kwa macho mpaka ikapotea.

Fukayosi walifika salama. Mina alipanda kiti cha nyuma na mama yake, wakageuza. Daraja la Ruvu lilikuwa bado halijaonekana injini ilipokohoa mara mbili na kunyamaza. Betri ikalivuta gari kidogo, kimyakimya, kisha taa nyekundu zikajaa mbele yake na gari likasimama pembeni, mashamba huku, pori huku.

"Baba, kuna nini?"

Msabaha alijaribu kuwasha tena, bure. Alimsikia Mina akiugulia, akamsikia Zuhura akimsomea dua, na akilini mwake hapakuwa na kitu isipokuwa yule mtoto wa kwanza, alivyokabidhiwa amefungwa kwenye kanga.

Haikupita dakika tano bodaboda moja ikasimama nyuma yao. Alikuwa Amiri, anayempeleka Mina shuleni kila siku.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Amiri alikuwa na chupa mbili za maji zilizojaa petroli, ile ya kuuzwa barazani, isiyojulikana imepita mikono ya nani. Msabaha hakuuliza namba. Aliimimina mwenyewe kwa haraka, nyingine ikamwagikia vidole na mkono wa kanzu. Gari liligoma, likagoma tena, mara ya tatu likawaka.

Mtoto alizaliwa hospitali Bagamoyo saa sita kasorobo, wa kike, na alilia. Msabaha alipoambiwa alitoka nje, akafungua kifuniko cha tangi, akaelekeza simu kwenye kibandiko. Ikamwandikia: petroli ya kawaida, isiyo na madini ya risasi. Alirudia mara mbili. Simu haikubadili maneno.

Aliporuhusiwa kuingia alimkuta Mina amelala ubavu, mtoto kifuani. Angeweza kusingizia Wajapani. Hakuwasingizia.

"Mina, gari halikuharibika. Liliishiwa mafuta. Taa iliwaka tangu Jumatano, nikawa nachagua petroli."

"Najua, Baba. Mama aliniambia Alhamisi." Mina alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma. "Amiri nilimwomba akae na chupa tayari. Nikamwambia ukija kunichukua, atufuate nyuma."

Msabaha akakumbuka kwamba yule kijana alipofika hakuuliza gari lina nini.

"Mshike mjukuu wako."

Alinusa vidole vyake. "Ngoja nikanawe kwanza."

Alinawa kwa sabuni mara tatu. Harufu ya petroli haikutoka. Akarudi nayo hivyo hivyo, akanyoosha mikono.