Keekee ya Yaqoob

Ijumaa, tarehe 11 Julai 2025, saa kumi na dakika ishirini alasiri, joto la Al Khoudh lilikuwa nyuzi arobaini na tatu na upepo mkavu ukisukuma vumbi chini ya mlango wa gereji. Ndani alisimama Zahor, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kishada cha nyuzi kikining'inia shingoni, akitoboa kwa keekee mbao za rafu ya viatu vya wageni.

Wageni wenyewe hawakuwapo. Tangu mkewe Jawaher alipofariki na mwanawe Talal kuhamia Salalah, mlangoni hapakuonekana viatu ila ndara zake mwenyewe. Hata hivyo, kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri alijiweka tayari, kwani hakulelewa kumpokea mtu kwa fulana.

Keekee ile ya umeme ilikuwa ya Yaqoob wa Sidab, aliyekuwa naye bweni moja walipokuwa skuli. Siku ya kumwazima, Yaqoob alimwonya.

"Vua kanzu, yakhe. Hicho kishada cha shingoni wewe wakiona pambo. Keekee haijui pambo. Na usiiwashe ukiwa peke yako."

"Nimeongoza idara nzima, leo wanifunza kuvaa?"

"Idara yako ilikuwa haizunguki, bwana. Ilikuwa imelala."

Rafu ile ilikuwa kazi ya siku mbili. Zahor aliivuta miezi mitatu, kwa sababu aliyoijua yeye tu: madhali keekee ilikuwa kwake, Yaqoob alipiga simu kuiulizia. Hakuna mwengine aliyepiga.

Siku hiyo aliiwasha, akabana kitufe kinachoiacha izunguke hata kidole kikiachia, kisha akainama kuutazama mstari wa penseli. Kishada kikanaswa. Kufumba na kufumbua keekee ilikuwa imepanda kifuani, ikijizongea kanzu, na ukosi ukamkaba koo. Alitaka kupiga kelele. Sauti haikutoka, wala hapakuwa na wa kuisikia. Akaanguka chali. Uzito wake ukauvuta waya, ukachomoka ukutani.

Kimya.

Alilala sakafuni, shingo ikimwaka moto, akiwaza nani angemkuta, na lini. Ndipo simu ikalia mfukoni.

"Haijambo keekee yangu?" aliuliza Yaqoob, kama desturi yake.

"Haijambo."

"Na wewe je?"

Zahor aliinuka, akaketi. "Nakuja," alisema.

Aliikata kanzu kwa mkasi, akaikwamua keekee, akavaa fulana, akaendesha gari nayo hadi Sidab. Yaqoob alipofungua mlango, macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye alama nyekundu shingoni.

"Ilikushika."

"Ilinishika. Nilikuwa na kanzu, na nilikuwa peke yangu. Ulinambia."

"Ingia basi, unywe kahawa. Na keekee kaa nayo mpaka umalize."

"Ningetaka kumaliza, ningemaliza zamani. Nimeiweka ili unipigie simu. Kitu cha mtu hakiwekwi hivyo."

Yaqoob alicheka, kisha kicheko kikamwishia. "Sasa ntakupigia kukuuliza nini?"

Nyumbani Zahor alingojwa na rafu yenye upande mmoja, na simu ambayo huenda isilie tena. Alijua hayo, na hata hivyo alimnyooshea keekee kwa mikono yote miwili, waya ukiwa umekunjwa vizuri, akasubiri mpaka rafiki yake akaipokea.

"Keekee yako hiyo, Yaqoob. Hunidai."