Chumba cha Achari cha Bi Mwanamkisi

Miaka ile reli ilipowavuta matajiri wetu Mombasa, sisi tuliobaki Mkomani, hapa Amu, tuliambiwa mji umekufa. Waongo! Mombasa walikuwa na gari la moshi, lakini chumba kama cha Bi Mwanamkisi hawakuwa nacho.

Kwenye zidaka za ukutani, mahali ambapo nyumba nyingine hupanga sahani za Kichina, yeye alipanga mitungi midogo ya achari. Achari tupu, wala si kingine. Ya ndimu kutoka Siyu, ya embe kutoka Pate, ya mbirimbi kutoka kwa jirani. Kila mtungi ulikuwa na mwanamke aliyeutia achari kwa mkono wake, na wengi wao walikuwa wameshazikwa. Wageni walikuja alasiri, wakavua viatu, wakapewa kitambaa wapanguse mikono, kisha wakafunuliwa mtungi wanuse. Kuonja, hapana.

"Hii ya Bi Saadiya," angesema. "Maneno alibania, Mungu amrehemu, lakini chumvi hakubania."

Mtungi mmoja tu hakumfunulia mtu. Ulikuwa wa Radhiya, binti yake wa pekee, aliyeutia achari mwezi mmoja kabla homa haijamchukua. Nguo zake zilitolewa sadaka. Mtoto hakuacha. Ulibaki mtungi.

Siku moja akaja Husseini, mume wa Radhiya, mtu wa Pate. Tangu matanga hakuwa amekanyaga pale. Bi Mwanamkisi alimkaribisha, na kwa kuwa magharibi ilikaribia, akampa maji atie udhu. Kisha akaenda kumtengezea kahawa.

Aliporudi alimkuta mkwewe amesimama kwenye kidaka, mkono umezama katika mtungi wa Radhiya, maji ya udhu yakimdondoka kiwikoni.

"Wewe! Mkono una mai!"

Husseini aliutoa upesi, kipande cha embe kikining'inia vidoleni. "Mama, nilitaka kunusa tu."

"Kunusa kwa vidole? Nyinyi watu wa Pate pua zenu ziko mikononi?"

Bi Mwanamkisi alikuwa na sinia ya kahawa mikononi. Aliiweka chini, akaketi palepale sakafuni. Hakuna mwanamke wa Amu asiyejua: achari ikiingia maji, haipiti wiki haijaota ukungu. Hakuna dawa.

"Niambie nifanye nini, Mama. Nitakutafutia nyingine."

"Mkono wa mwanangu utaununua soko gani?"

Husseini akainamisha kichwa. Alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, lakini sauti ilimtoka nyembamba. "Nimeanza kumsahau. Jana nilijaribu kukumbuka alivyocheka, nikashindwa. Nikasema labda nikiionja achari yake…"

Bi Mwanamkisi akainua uso.

"Basi, umekumbuka?"

"Hujaniacha nionje."

Cheko lilimponyoka Bi Mwanamkisi kabla hajalizuia. Akajifuta mato yaliyolowa machozi kwa ncha ya leso, akainuka. "Ngoja nilete wali. Itaoza bure, na Radhiya hakupenda chakula kitupwe."

Kwetu mkwe na mkwe hawali sinia moja. Yeo, siku hiyo, walikula. Bi Mwanamkisi alimimina achari yote juu ya wali, akatia tonge la kwanza kinywani, na uso ukamgeuka mwekundu.

"Pilipili gani hii! Nilimwambia apunguze. Nilimwambia! Mbishi, mbishi tangu tumboni."

Husseini akasita kutafuna. Tangu mazishi hakuna aliyethubutu kumsema vibaya Radhiya, hata kwa mzaha.

"Na kokwa hakuwa akitoa," alisema taratibu. "Nilivunja jino."

"Ukanyamaza?"

"Ningesema nini, Mama? Aliketi mbele yangu akinitazama nile."

"Hivyo ndivyo alivyokuwa akinifanyia na mimi! Na wali wake je?"

"Mungu atusamehe. Uji."

"Uji!" Bi Mwanamkisi akapiga paja. "Haya, nambie lingine. Usinifiche."

Husseini akasogea karibu na sinia, akaanza kumwambia.