Fomu ya Jumanne

Wachuka alikuwa sokoni akichagua sukuma wiki simu ilipolia. Aliambiwa lori la Kipkorir limeanguka kwenye mteremko wa Subukia, ngano yote imemwagika, na Masinde, dereva, amekata roho kabla hajatolewa ndani.

"Sawa, nimesikia," akasema.

Akaendelea kuchagua, akitupa kando majani yenye matundu. Akamlipa mama mboga, akapanda ngazi hadi ofisini kwake.

Biashara yake ilikuwa kuunganisha watu. Hakuwa na lori hata moja. Mwenye mzigo alimpigia simu, naye akatafuta lori, akaelewana na mwenye lori na kuchukua kamisheni. Kiwanda kimoja cha unga hapo Nakuru kilikuwa mteja wake mkubwa kwa miaka tisa, na kwa miaka saba ya kwanza hapakuwa na karatasi yoyote kati yao. Ndegwa, meneja wa usafiri wa kiwanda, alisema, "Kesho malori mawili Nyahururu," na kesho yake malori mawili yalikuwa Nyahururu.

Kisha mkataba ukaja, kurasa kumi na moja. Wachuka aliusoma wote. Kifungu cha saba kilisema broka, yaani Wachuka, atalikagua kila lori yeye mwenyewe kabla halijapakiwa, ajaze fomu na kuipiga muhuri.

"Ndegwa, mimi niko Nakuru. Magari yanapakia Nyahururu. Nitayakagua aje?"

"Hiyo ni maneno ya mawakili tu. Wewe jaza fomu, tupate kitu cha kuweka kwa faili."

Akatia sahihi. Kuanzia hapo, kila Ijumaa baada ya chai, alijaza fomu za wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Tairi sawa, taa sawa, breki sawa. Miaka miwili ilipita, fomu zikafika mia mbili na zaidi, na hakuna aliyewahi kumuuliza lolote.

Masinde alikufa Jumanne. Fomu yake ilikuwa bado haijajazwa.

Alhamisi asubuhi Ndegwa alikuja ofisini akiwa na tai shingoni na ndevu za siku mbili. Hakukaa.

"Pole, Wachuka. Najua mlikuwa mmezoeana."

"Asante."

"Watu wa bima wanataka fomu ya Jumanne. Bila hiyo hawalipi ngano. Wewe ijaze vile unajazanga, uweke tarehe ya Jumanne. Mkataba wako unaendelea, mimi nabaki na kazi yangu, tunasonga mbele."

"Na Masinde?"

"Polisi wanasema alikuwa anashuka na frii, gia ametoa, eti aokoe mafuta. Kipkorir pia ameandikisha hivyo. Gari lilikuwa zima, na dereva hakuwahi kulalamika."

Wachuka alimtazama. Alijua hapo kwamba Kipkorir amedanganya, lakini ujuzi huo ulikaa tu kichwani, haukushuka popote. Ilikuwa kama kuambiwa kuna mvua Kisumu.

"Niachie," akasema. "Nitakupea kesho saa nne."

Ndegwa alipotoka, akafungua simu. Jumatatu jioni Masinde alikuwa amempigia. "Mama Tabby," alisema, kwa kuwa alimwita kwa jina la bintiye, "hizi breki zinaingiza hewa. Nikikanyaga zinaenda hadi chini. Mwambie Kipkorir, mimi akiona namba yangu hashiki." Wachuka alimwandikia Kipkorir ujumbe papo hapo: dereva anasema breki ni mbaya, usimtume Nyahururu kesho. Kipkorir akajibu kwa alama ya kidole gumba. Ujumbe ulikuwa bado hapo, na kidole gumba chake.

Baada ya hapo hakufuatilia. Jumanne asubuhi Masinde alimtumia ujumbe kwamba ameanza kupakia, naye akajibu, "Safari njema." Hakuuliza habari za breki. Alikuwa akitafutia mtu mwingine lori la kupeleka kabichi.

Alijaribu kulia, akaona ni upuuzi. Akaosha vikombe vyote vya ofisini, hata visivyotumika. Kisha akafunga mlango na kwenda Kaptembwo, alikoishi Masinde na mkewe, Mercyline.

Nje ya nyumba kulikuwa na viti vya plastiki na wanawake wa kanisa. Mercyline alikuwa chumbani, akipanga nguo za mumewe kwenye sanduku la kwenda nazo Bungoma kwa mazishi. Alikuwa akikunja suruali, anaikunjua, anaikunja upya.

"Mama Tabby, karibu. Kaa hapo kitandani."

Wachuka akakaa.

"Nikuulize kitu," Mercyline akasema bila kuinua macho. "Wewe ndiye ulikuwa unampea kazi. Wanasema alitoa gia akiteremka. Shemeji zake wanasema ni ujinga wake mwenyewe, ametuacha na watoto watatu juu ya mafuta ya mtu mwingine. Ni ukweli?"

"Sijui kama alitoa gia. Najua breki zilikuwa mbaya."

"Ulijuaje?"

"Aliniambia."

"Lini?"

"Jumatatu jioni. Nikamwambia Kipkorir. Halafu Jumanne nikaacha gari liende."

Mercyline aliiweka suruali chini. Nje wanawake walikuwa wakianza wimbo, mmoja akishika juu mno na wengine wakimfuata kwa shida.

"Kwa hivyo ulijua."

"Nilijua."

"Na hukumpigia simu umwambie asiende."

"Sikupiga."

Wachuka alingoja atukanwe. Aliona angependelea hivyo. Lakini Mercyline alivuta shati jingine, akalifunga vifungo kimoja kimoja, kutoka juu hadi chini.

"Hayo maneno umeniambia mimi yako mahali yameandikwa?"

"Bado."

"Basi uyaandike. Halafu usikuje mazishi."

Ijumaa saa nne kasoro, Wachuka alitoa fomu. Akajaza namba ya gari, jina la dereva, tarehe. Mahali pa tairi, taa na breki akapiga mstari mmoja. Chini yake akaandika kwa herufi kubwa: *Sikulikagua gari hili. Sijakagua gari lolote tangu tutie sahihi mkataba. Jumatatu dereva alilalamika breki, nikamjulisha mwenye gari kwa simu.* Akaweka sahihi na kupiga muhuri. Akatoa nakala, moja ya polisi, moja ya Mercyline, na pamoja na kila moja akaweka picha ya ule ujumbe.

Ndegwa alisoma akiwa amesimama mlangoni.

"Wachuka, hii umejimaliza."

"Najua."

"Na mimi umenimaliza. Watauliza nani alikuwa anapokea hizo fomu zingine."

"Hilo pia najua."

Ndegwa alikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni na kushuka ngazi polepole kama mtu aliyeumia goti.

Barua ya kiwanda ilikuja wiki iliyofuata. Ilikuwa aya moja: mkataba umevunjwa kwa kukiuka kifungu cha saba, na wakili wao angewasiliana naye kuhusu ngano. Ndegwa alihamishiwa ghala la Kariandusi, kisha akaacha kazi. Kufikia mwisho wa mwezi Wachuka alikuwa ameirudisha ofisi kwa mwenye jengo, na Tabby, ambaye ni mwalimu Naivasha, alikuwa akimpigia kila jioni kumuuliza anaendeleaje. "Niko sawa," alijibu. Hakuwa akidanganya. Hakusikia uchungu, wala hakusikia kitu kingine.

Polisi waliandika upya taarifa yao. Kipkorir akashtakiwa.

Siku ya kwanza ya kesi, Kipkorir alikana mashtaka, na hakimu akaahirisha kwa miezi miwili. Mambo yalikwisha kwa dakika kumi. Nje ya mahakama Mercyline alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta na shemeji yake mmoja. Wachuka alipita akiangalia chini.

"Mama Tabby."

Akasimama.

"Hiyo tarehe ingine. Utakuja useme?"

"Nitakuja."

"Mbele ya Kipkorir?"

"Mbele yake."

Mercyline akatikisa kichwa kukubali, kisha akamgeukia shemeji yake. Hakumpa mkono.

Wachuka alivuka barabara. Mwanamke mmoja alikuwa akiuza mahindi ya kuchemsha kwenye sufuria kubwa. Ndipo alipogundua ana njaa, njaa ya kweli. Akanunua hindi moja, akalinyunyizia chumvi na pilipili, akaketi juu ya ukingo wa mtaro na kulila. Pilipili ilikuwa kali. Machozi yakamtoka, na hata alipomaliza kula hayakukoma.