Kiti cha Mkandarasi

"Hakitoki!"

"Kitatoka, dada, mwenyewe yuko njiani—"

"Nimesema hakitoki mpaka—"

"Tangu lini umekuwa fundi seremala? Wewe shona mito yako, mbao niachie—"

"—mpaka kikaliwe!"

Msumari akafunga mdomo. Alikuwa amepanga kila kitu, kasoro hilo.

Enzi za baba yao, hakuna kiti kilichotoka karakana ile bila kukaliwa. Baba alipangusa vumbi la mbao kwenye suruali, akakaa, akafumba macho, akamwombea yeyote atakayekikalia. Kimoyomoyo, lakini midomo ikicheza. Utotoni Msumari na dada yake walijibanza nyuma ya rundo la mbao wakimwigiza, mpaka mmoja anaachia kicheko, na Baba, macho bado yamefumbwa, anasema, "Bwana, na hao panya wawili pia wabariki." Gundi ilichemka jikoni, chai ilichemka pembeni, na siku moja Mama alichanganya sufuria. Baba alikunywa funda zima, akasema chai ya leo imeshika kweli.

Jina la Msumari alipewa na Baba: mwili mwembamba, kichwa kikubwa, na ukimgonga vibaya anapinda.

Na alikuwa amepinda tangu Baba alipoanguka akafa. Mkandarasi alimwita mzee akapaue nyumba ya ghorofa. Mbao za jukwaa zilikuwa zimeoza, Baba akamwonyesha, mkandarasi akajibu, "Panda tu mzee, kazi yenyewe ya leo leo." Msumari alikuwa chini, ameshika ngazi. Alisikia kila neno. Kesi ilipofunguliwa, dada alimbembeleza akatoe ushahidi, akagoma. Korti, alisema, ni mahali pa kwenda kuambiwa urudi tena.

Halafu mkandarasi, aliyeshindwa kusema pole hata msibani, akaja kuagiza kiti. Dada akapokea kazi. Msumari naye akaipokea, kwa sababu zake.

"Haya, kaa," dada alisema. "Umwombee."

"Yule? Nimwombee yule?"

"Baba alikuwa anachagua?"

"Wateja wa Baba hawakumuulia mtu!"

Dada alimtazama kidogo. "Basi nitakaa mimi." Akakusanya gauni, akageuka, akaanza kushuka.

"Dada, usikae!"

Alibaki nusu hewani kama mtu aliyeona nyoka chooni. Kisha akapiga magoti, akainua kitambaa cha kiti, akapitisha kidole kwenye mguu wa nyuma. Msumeno ulikuwa umekula mpaka kikabaki kipande chembamba tu.

"Kazi safi," alisema. "Aanguke, avunjike kiuno. Halafu?"

"Ajue kuanguka kulivyo."

"Na wale mafundi waliopanda jukwaa lake leo asubuhi? Kiuno chake kitawabadilishia mbao?"

Msumari aliinama kuokota kipande cha mbao.

"Mimi sikwambii umwache, mdogo wangu. Mimi namtaka mbele ya hakimu kuliko wewe unavyomtaka chini. Lakini Mungu tuliyemwomba humu ndani tangu wadogo hatendi haki kwa kuvizia. Anataka isemwe mchana, kwa mdomo. Na mdomo uliosikia ni wako."

Msumari alikitazama kiti. Kilikuwa kizuri, shenzi zake. Hata mgongo alikuwa ameupinda kama Baba alivyomfundisha, bila kujua. Pale pale, kwenye mwanga wa dirisha, ndipo mzee alipokuwa anakaa na midomo inacheza. Mtoto wa mzee yule alikuwa ametengeneza mtego.

"Hodi wenyewe!"

Mkandarasi aliingia, kofia mkononi, amekonda kuliko kesi yake isiyo na shahidi. "Ndicho hiki? Aisee." Akakisogelea, akageuka kukaa.

Msumari alikivuta kiti kwa nguvu hadi mguu ukavunjika, *ka!*, ukabaki sakafuni.

"Niliukata," alisema. "Makusudi, ili uanguke. Nimekosa, nisamehe. Nitakutengenezea kingine, nitakikalia mwenyewe kwanza. Lakini kortini nakuja. Nilikuwa nimeshika ngazi. Nilisikia ulichomwambia, nami nitakisema kama ulivyokisema. Sitaongeza, sitapunguza."

Dada alisahau sindano ya mito mkononi.

Mkandarasi aliutazama ule mguu muda mrefu, akautazama mwili wa kiti uliolala ubavu. Akaivaa kofia, akaivua tena. Walingoja matusi. Walingoja amtaje wakili wake.

"Siku ya kesi," alisema mwishowe, "naomba mnipitie nyumbani. Nilimwambia hivyo kweli, na peke yangu sitafika."