Félicité Hajakauka

Jumanne tarehe 7 Aprili 1964, saa mbili asubuhi, wakubwa walifunga vane ya bwawa, lile lango la chuma linaloachia maji kwenye kanale ya mashamba ya mpunga. Kufika jioni, maji yalikuwa yamefunika makaburi ya ukingoni. Walisema ni kwa sababu ya waasi, kama vile waasi wanalima mpunga. Félicité, muke wa Pontien, alikuwa amelazwa pale wiki mbili tu.

Kwa ukoo wa Pontien matanga hayaishi mpaka mume asimame juu ya kaburi, amwage pombe ya ndizi, ndipo anyolewe kichwa. Sasa angesimama wapi? Jumapili alifunga kibuyu cha pombe kwenye gidoni, ule usukani wa baiskeli, akatoka kwake Kilibula, akaifuata kanale mpaka bwawani. Njia iko tambarare, mtu anakanyaga huku anafikiri mambo mengine. Kanale ilikuwa kavu na wanawake walikuwa wanapekua matope wakitafuta kambale.

Félicité alikuwa amekaa ukingoni, kitenge kinachuruzika maji.

"Umechelewa," alisema.

"Mupira ulipasuka, mama Basile." Basile ni mtoto wao wa kwanza.

"Kila siku mupira! Twende. Minye siwezi kulala mule ndani. Samaki wananipitapita usoni."

Alipanda nyuma ya Pontien, kwenye portebagaji ya kubebea mizigo. Uzito wake ulikuwa ule ule, ila hakutulia. Alisogea kushoto, akasogea kulia, mara anataka waende mbio, mara anataka kushuka, mpaka baiskeli ikakaribia kuingia kanaleni. Mukarusanga, jirani yao, aliinua kichwa kutoka kwenye matope.

"Weye Félicité, anika hicho kitenge, kitanuka!"

"Nitakianikia wapi, dada? Wameniwekea bwawa kichwani."

Kesho yake walikwenda biroo ya serikali kulalamika juu ya kaburi, vane ifunguliwe. Karani Bigirimana alisema malalamiko kama hayo mwenyewe ndiye anayeyaleta, mume hawezi kulalamika kwa niaba yake.

"Ndiye huyu," alisema Pontien.

Bigirimana alimwangalia, akasogeza karatasi zake zisilowe. "Vizuri. Jina?" Aliandika yote. Halafu akasema vane ilifungwa kwa amri, na mwenye amri amekwenda Bujumbura. Wangoje.

Wakangoja. Kila Jumapili Pontien alikwenda kumchukua, kila Jumatatu biroo, na jioni alimrudisha, kwa sababu nyumbani alilowesha kitanda na watoto wakaanza kukohoa. Aliingia majini pole pole akilalamika, kama mutu anayerudi kazini.

Katikati ya mwezi wa tano waasi waliingia Uvira. Wakubwa walikimbia na magari. Bigirimana hakukimbia. Alijifunga majani mkononi kama waasi, akabaki kwenye meza ile ile.

"Vane walifunga wabeberu," alisema. "Ni kosa lao, mama. Tumeliandika."

Mwezi wa kumi jeshi lilirudi, na wakubwa nyuma yake, wamenenepa. Majani ya Bigirimana yalikuwa yametoka. Nywele za Pontien zilikuwa zimefunika masikio, na watoto wa mtaa wa Nyamianda walimwita padri wa porini.

"Ninyi muko na bahati," Bigirimana alisema. "Shefu mupya iko ndani. Ingieni."

Shefu mpya alivaa koti zuri. Alifungua faili, akalisoma mpaka mwisho bila haraka. Alisema anaumia sana. Alisema waasi ndio walioiacha vane imefungwa miezi mitano, na hilo ni kosa kubwa.

Félicité alikuwa anahangaika kwenye kiti, anakaa, anasimama. Maji yalikuwa yamefika kwenye viatu vya shefu, naye alikuwa amevirudisha nyuma kidogo.

"Wa kwanza walisema kosa ni la aliyekwenda Bujumbura," alisema Félicité. "Wa pili, la wabeberu. Weye, la waasi. Sawa, baba, minye nakubali yote. Lakini weye mwenyewe, nani amekushika mikono usiifungue?"